Jicho la Mghendi na Utitiri wa Umm Salal

Muaither, Doha
Jumanne asubuhi

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu nikiandika kitandani, usishangae mistari ikipanda na kushuka. Goti lako linaendeleaje baada ya mvua? Yule ng'ombe mwenye doa usoni alizaa salama? Na paa la jikoni, mafundi walirudi au walikunywa chai yako wakaenda zao?

Mimi bado napumua, ila ni kwa mashine. Inakaa kando ya kitanda inakoroma kuliko mimi. Binti yangu Wakio ananihudumia kama wagonjwa wake wa wodini, na kunikaripia kama wao pia. Daktari alizungumza naye peke yake. Hakuniambia, lakini nilimsoma usoni alipokuwa akivua viatu mlangoni. Mapafu yamekwisha. Watu wa ndege hawataniruhusu kupanda, kwa hiyo nitakachokwambia lazima nikiandike. Nimetumia karatasi kwa sababu simu hii imesajiliwa kwa jina la Wakio, na yaliyomo humu yanaweza kumfukuzisha kazi. Barua imebebwa na nesi mwenzake anayekuja likizo. Hajui kilichomo. Wakio naye hajui.

Sasa kaa chini, dada. Mumeo Mghendi hakuwa amelewa siku ile. Wala hakuanguka kutoka kwenye ngazi ya tangi la maji. Jicho lake la kushoto nililitoa mimi.

Nimekaa na neno hilo mwaka wa tisa sasa. Juma lililopita Wakio aliniletea kitandani ndoo ya sukuma wiki anayopanda roshani. "Baba, si wewe ndiye bwana shamba? Mboga zangu zina nini?" Majani yalikuwa na vidoa vidogo vya manjano, kama yamechomwa kwa sindano. Nikageuza jani moja. Chini yake kulikuwa na utando mwembamba, na vidudu vyekundu vidogo vikikimbia huku na huku. Utitiri. Nikavisaga kwa kidole gumba. Jani la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kucha ikalowa kijani na wekundu, mpaka mashine ikaanza kupiga kelele kwa sababu nilikuwa nimesahau kupumua.

"Baba! Unawapiga kama wezi wa kuku!" Wakio alicheka. Mimi nikalia. Akadhani ni dawa anazoninywesha.

Nianze mbali kidogo. Unakumbuka nilipokuwa afisa wa kilimo Wundanyi, nilivyofuatana na chifu na askari kung'oa bangi za watu. Kulikuwa na mjane mmoja kule Mgange. Tulikuta mimea sita katikati ya mahindi yake. Niliing'oa, nikaichoma mbele ya uso wake, na aliponishika miguu nilimsukuma kwa buti. Nilirudi nyumbani nikala vizuri. Nakwambia hili ili ujue kwamba mkono huu haukuanza kwa Mghendi.

Nilipostaafu nikaja huku Umm Salal kusimamia matango kwenye shamba la familia moja, shamba ambalo wenyewe wanaliita izba. Mghendi alikuwa dereva wa familia hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo, na wewe ndiye uliyeniomba. Tulilala chumba kimoja nyuma ya zizi la mbuzi. Kando yake kulikuwa na stoo ya pampu na dawa za mimea, yenye funguo mbili: mmoja wangu, mmoja wake kwa sababu aliweka humo vifaa vya gari.

Ndani ya stoo hiyo nilipanda mibangi minne. Ndiyo, mimi. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukakamaa, usiku haukuwa na usingizi, na mtu fulani alinipa mbegu. Nilijiambia ni dawa. Ukweli ni kwamba baada ya mwezi mmoja nilikuwa nikiipenda mimea yenyewe. Matango yalikuwa ya bosi. Ile minne ilikuwa yangu.

Mghendi alipoiona, alirudi nyuma akafunga mlango. "Shemeji, hapa si Taita. Watatufunga mpaka tusahau majina ya watoto wetu."

"Nani atawaambia? Wewe?"

"Mimi siwaambii. Lakini hao wake zako wananuka."

Basi ikawa mzaha wake kila siku. "Shemeji, wake zako wameamkaje?" "Shemeji, mke mdogo anakunyima nini leo?" Na siku moja akasema, "Nitakuja niwape talaka wote kwa ndoo moja ya chumvi." Tulicheka. Neno hilo la chumvi nililiweka kichwani.

Kisha utitiri ukaingia. Adui nilimfahamu, nilikuwa nimewafundisha wakulima miaka thelathini namna ya kumuua. Joto kavu la huku ndilo analolipenda. Nilikata majani yaliyoathirika nikayatia kwenye mfuko nikaufunga na kuukanyaga. Nilimwaga maji ya nguvu chini ya kila jani. Nilipangusa kila shina kwa kitambaa cha maji ya sabuni, nikirudia kila baada ya siku chache ili wanaoanguliwa wasipate nafasi. Niliziba dirisha kwa utepe wa gundi. Baada ya siku nane jani lilikuwa safi. Baada ya siku kumi na mbili utando umerudi. Nilirudia kazi yote. Ukarudi. Nikarudia mara ya tatu huku vidole vinaniuma mpaka naung'ata ulimi wangu mwenyewe. Ukarudi.

Wakesho, sijui kama umewahi kuchukia kitu kidogo kiasi hicho. Nilikuwa nikisaga vidudu kwa kucha na kuvitukana kwa Kidabida cha nyumbani. Nilikuwa naviota. Na chuki ikiwa kubwa kuliko kitu kinachochukiwa, inaanza kutafuta mtu. Stoo ilikuwa na funguo mbili tu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Wafanyakazi Waislamu walikuwa wamekwenda msikitini, na Mghendi alikuwa amepanda basi la alfajiri kwenda kanisani Mesaimeer kama kawaida yake, maana huku siku ya mapumziko ni Ijumaa na ibada husaliwa siku hiyo. Niliingia stoo karibu na saa sita mchana. Juu ya udongo wa mmea mkubwa kulikuwa na jani la tango, limekauka, jeupe kwa utando. Nikalitazama. Jani la tango halina miguu. Mimi sikulileta, nikajiambia. Basi limeletwa.

Wakati huo huo nikasikia lango. Mghendi akaja moja kwa moja stoo kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Alikuwa na shati lake jeupe, lile ulilomnunulia, na mfuko wa mandazi aliyopewa na akina mama wa kwaya.

"Bwana asifiwe, shemeji! Nimekuletea mandazi." Akachungulia. "Hee! Wake zako wamepata ukoma?"

Nikachukua fimbo ya pampu, ule mrija mrefu wa shaba wa kunyunyizia dawa, nikampiga nao shingoni.

Alidhani ni mchezo. Uso wake ulianza kucheka kabla haujajua. Pigo la pili lilimpata jichoni kwa ncha, pale penye kichwa cha kunyunyizia. Nilisikia sauti yake, na sitaieleza. Mandazi yalimwagika. Alipiga magoti akainua mikono akasema, "Shemeji, ni mimi. Ni Mghendi." Kama mtu anayedhani nimemfananisha na mwingine. Nikampiga la tatu mkononi, mfupa ukavunjika. Akalala chini. Hapo hasira ilikuwa imekwisha. Nakwambia kwa sababu ndilo jambo lenyewe ninaloungama: ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimetulia, nilisikia mbuzi nje, niliona kwamba damu imefika kwenye mandazi. Na bado nikampiga la nne, mgongoni, kwa sababu nilikuwa na fimbo mkononi naye alikuwa chini.

Yaliyofuata ni mabaya zaidi, maana niliyafanya kwa akili. Nilimburuta kwa makwapa hadi chini ya tangi la maji. Nikaegemeza ngazi. Nikachukua spiriti niliyokuwa nikisafishia makasi, nikammwagia kwenye shati jeupe na mdomoni. Kisha nikakimbia nikaikatakata mibangi yote minne, nikaizika ndani ya samadi ya mbuzi, nikamwagia maji. Ndipo nikampigia simu mudiri, msimamizi wa shamba, nikasema: amelewa, ameanguka.

Mudiri alikuja akamnusa. Hakuuliza swali hata moja. "Khalas, yamekwisha," akasema. "Akitoka hospitali aende kwao."

Gari la wagonjwa lilipoondoka nilirudi stoo kufuta sakafu. Nilivua koti langu la kazi ili nisilichafue, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Nikatoa majani. Matatu, ya matango, meupe kwa utando, na vidudu vikatoka vikinitembea kwenye vidole.

Wewe utaelewa haraka kuliko mtu yeyote. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifulia makoti nilipokuwa kijana kazini. Ulikuwa ukitoa majani yaliyooza mifukoni ukinitukana, "Kaka, mfuko huu ni shamba au kaburi?" Sikuacha tabia hiyo maisha yangu yote. Nikiona jani linaumwa nalichuma, nalitia mfukoni, nikawaonyeshe watu. Kila asubuhi nilikuwa naingia nyumba za matango, nachuma majani ya utitiri niwaonyeshe wafanyakazi, halafu mchana, na koti hilo hilo, naenda kuinama juu ya mibangi yangu. Kanuni ya kwanza niliyofundisha katika kila kijiji cha Taita ilikuwa hii: anza na mimea mizima, maliza na migonjwa, na ubadili nguo. Nilikuwa naibeba adhabu yangu kifuani, nikampiga nayo mtu mwingine.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu. Kichwa kilikuwa kimefungwa, mkono uko kwenye plasta. Nikamwonyesha majani, nimeyaweka kwenye bahasha. Nikasema, "Ni mimi. Yalikuwa mfukoni mwangu."

Aliyatazama kwa jicho moja. "Kwa hiyo umeniua kwa sababu ya koti," akasema.

"Nitawaambia polisi ukweli."

"Utawaambia nini? Waje wachimbe samadi? Wakio ana miezi mingapi kazini? Watamrudisha pamoja na wewe." Akafumba lile jicho. "Nenda, shemeji. Sema nimelewa."

"Na Wakesho?"

Akageuzia uso ukutani. Nilibaki nimesimama na bahasha yangu. Mpaka nesi akaja kunitoa.

Nami nikakuandikia, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini, kwamba mumeo amekuwa mlevi huku ugenini. Nilijua baba yetu alivyokufa na chupa. Nilijua uliapa hutalala nyumba moja na mlevi. Niliandika nikijua. Alipofika ukamfungia mlango, na jibu lako likanifikia: "Asante kaka kwa kutonificha." Barua hiyo ninayo. Iko chini ya mto ninaolalia.

Nasikia anaishi nyuma ya kinu cha ndugu yake pale Mwatate, anasagia watu mahindi. Nasikia watoto humwita jina la chupa. Hajawahi kusema neno. Ningekuwa mimi ningesema siku ya kwanza.

Nimekuwa nikingoja Wakio awe salama, hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Amekuwa salama miaka mingi. Nilikuwa naogopa uso wako tu. Sasa sitauona, ndiyo maana nimekuwa jasiri, na huo si ujasiri.

Siombi unisamehe. Naomba uende Mwatate. Usimtume mtu, na usimpigie simu. Nenda na barua hii umsomee mwenyewe kwa sauti, kwa sababu nasikia na lile jicho lililobaki limeanza kuingia ukungu. Ukifika kwenye pigo la nne, usiliruke. Yeye hajui kwamba nilikuwa nimetulia. Ana haki ya kujua. Na akitaka barua isomwe kanisani, isomwe. Ombi langu moja ni kwamba jina la Wakio lisitajwe, maana Mghendi ndiye aliyelinunua kwa kunyamaza kwake.

Mwili wangu ukiletwa, mwulizeni yeye kwanza kama nizikwe nyumbani. Akikataa, msimbembeleze.

Nisalimie shangazi Mkawasi wa kwaya, na umwambie nyimbo zake za kwenye simu Wakio huniwekea. Nisalimie jirani yako Mzee Nyambu fundi viatu. Buti alizonishonea bado ziko mlangoni hapa. Mwanao Mwakio, mwalimu, usimpe salamu zangu mpaka umwambie habari za baba yake, naye aamue kama anazitaka. Mghendi simtumii salamu.

Ukifika kinuni kutakuwa na kelele, mngoje azime mashine. Kisha kaa upande wake wa kulia, ili akuone ni wewe.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Mwadime