Vitabu vya Uchawi na Mkono wa Senara

Jumanne, 3 Oktoba

Senara amerudi kutoka chekechea amevaa glavu. Baridi hakuna, mvua hakuna — glavu! Mwalimu anasema alizichukua mwenyewe kwenye kikapu cha vitu vilivyosahaulika. Wakicheza mduara hakuna mtoto anayetaka kumshika mkono wa kulia. Nimezihesabu tena chunjua zake, vile vinundu vigumu vya mkononi, wakati wa kumwogesha. Saba, na ile ya kidole gumba sasa ni kama punje ya dengu.

Daktari alisema zitaondoka zenyewe, pengine baada ya miaka miwili. Mtoto ana minne. Miaka miwili ni nusu ya maisha yake.

Basi nimefanya jambo. Nilishuka mjini Penzance kumnunulia viatu vya mvua, nikaingia duka la vitabu vikuukuu la Bi Tangye. Nilizunguka rafu kama mwizi, mwishowe nikamnong'oneza kama ana kitabu cha uchawi. Yeye hanong'oni. "Upi, kipenzi? Wa mishumaa na mawe ya rangi, au wa jadi?" Mzee aliyekuwa akitazama ramani akageuka. Nikasema wa jadi. Tofauti sikuijua. Bado siijui.

Ameniazima vitatu na kuviandika namba kwa penseli. Cha kwanza, historia. Cha pili, watu wa huku kwetu Cornwall walivyokuwa wakifanya. Cha tatu, vitendo. "Usianze na cha tatu," akasema. "Kila mtu huanza na cha tatu." Halafu akaniambia mwandishi akidai ukoo wake wa wachawi haujakatika tangu Nuhu ashuke safinani, nimsome kwa raha zangu ila nisimwachie mtoto.

Nimevificha chini ya mataulo. Si kwa sababu ya Perran, mume wangu atacheka tu. Ni kwa sababu ya baba yake. Baba anakaa ng'ambo ya ua wetu huu huu, na kila Jumapili yuko kanisani kiti cha mbele, na suti.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kitabu cha kwanza. Kurasa kumi na moja, siku mbili. Nasoma kwa kidole, kama nilivyokuwa nikisoma shuleni kabla sijaachana nayo. Maneno nisiyoyajua nayaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Bahasha imejaa.

Nilichoelewa: wachawi wenyewe wanagombana. Mmoja anasema uchawi wao ni wa kale mno. Mwingine anasema wapi, babu yako aliutunga sebuleni. Wa tatu anasema wote wawili waongo. Kama ndugu zake mama walipogombea saa ya ukutani.

Lakini kuna mahali pamenigusa. Mwandishi anasema hawa wachawi wa siku hizi wameokota vipande vya zamani wakavishona pamoja — blanketi jipya, viraka vya kale. Hapo nimeelewa bila kidole. Blanketi la Senara nimelishona hivyo hivyo, kwa mashati ya Perran.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeanza cha tatu.

Ukurasa wa tisini na nne. Kipande cha nyama ya ng'ombe, cha kuiba, cha kununua hakifai. Sugua chunjua, fukia nyama, usimwambie mtu. Nyama ikioza chini, chunjua nazo zinanyauka juu. Mwezi uwe unapungua, na unapungua. Nikasema sawa.

Nimeiba kwa Baba. Sufuria yake ya mchuzi ilikuwa bado haijawashiwa moto. Nimesugua mkono wa Senara huku nikimwimbia ili asiulize maswali, nikaenda kufukia nyuma ya banda la ndama.

Saa nane Meg, mbwa wa Baba, amekuja na ile nyama mdomoni. Ameiweka miguuni pa Baba kama zawadi. Baba ameitazama nyama, akatazama magoti yangu yenye tope.

"Nyama yangu ilikwenda matembezi," akasema. Basi. Akaingia ndani.

Perran amecheka hadi ameketi kwenye ngazi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Leo ni siku ya kuandika sana.

Nilikuwa naanika nguo. Kurudi jikoni — Baba ameketi mezani, na Senara anamkabidhi kitabu cha pili. "Babu, Mama ana kitabu cha wachawi, lakini hakina picha." Jiko liko pale pale linawaka, nikasema leo kitabu cha Bi Tangye kinakuwa kuni.

Baba akakigeuza geuza. "Miwani nimeacha kwangu," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea, kwa kidole. Nilikuwa nimefungua popote tu, ikatokea sura ya waganga wa mashambani, wale wa kutuliza majipu, kuzuia damu, kuondoa chunjua. Pana mwanamke mmoja hatajwi jina, wa shamba lililo chini ya kilima chetu. Mwandishi anasema alitumia uzi mwekundu wenye mafundo tisa. Baba akaanza kutikisika mabega. Nilidhani anakohoa.

"Huyo ni bibi yangu, mzaa baba," akasema. "Uzi wa wapi? Yule bwana mwandishi alikaa hapo ulipokaa, akanywa vikombe vitatu vya chai, na ng'ombe hawajakamuliwa. Bibi akamwambia uzi ili aondoke."

"Na mafundo tisa?"

"Alianza na matatu. Jamaa hakuinuka."

Kitabu kizima kimechapwa, watu wanakisoma mijini, kumbe bibi alitaka tu kuwahi ng'ombe wake.

Nikamwuliza bibi alitumia nini basi. Akasema ni maneno. Si uchawi, nisimwite mchawi, yeye ni mtu wa kanisa. Ni maneno tu, na mengine yamo katika Biblia. Bibi alimwachia yeye. Na mimi nina miaka mitano katika ua huu! Wale wanaoleta ndama wenye mabaka ya ukurutu, nilidhani wanakuja kupiga soga.

"Mbona hukuniambia, Baba? Umeuona mkono wa mtoto."

"Nimeuona tangu Pasaka. Siwezi kujipeleka. Lazima mtu aombe." Akamtazama Meg. "Ungeomba, ningekula mchuzi wenye nyama."

Nimeomba. Keshokutwa. Masharti mawili: hakuna malipo, na hakuna kushukuru. Ukishukuru, umeyakata maneno, hayafanyi kazi.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimeharibu. Mimi, si mtoto.

Baba alikuja baada ya chai. Alimkalisha Senara juu ya meza, akaushika ule mkono katikati ya viganja vyake vikubwa. Hakuna aliyeushika vile kwa wiki nyingi isipokuwa mimi. Midomo yake ilitembea, sauti hakuna. Dakika moja labda. Senara alitulia, macho kwa babu yake.

Baba akamwachia.

"Asante, Babu," akasema Senara. Wazi kabisa. Hata kichwa akainamisha.

Tangu Krismasi namfundisha. Sahani haiachwi mpaka useme asante. Mlango ukifunguliwa, asante. Bibi wa posta akikupa stempu ya kuchezea, asante ya sauti, mwanangu, wasikudhani huna mama. Nilimwambia Perran masharti. Nilijiambia mwenyewe usiku na mchana. Mtoto nilimsahau.

Baba hakukasirika. Alimpapasa kichwa. "Umelelewa vizuri," akamwambia, na akaenda kuwapa ndama maji. Hilo ndilo lililoniliza.

Ijumaa, 13 Oktoba

Chunjua saba. Zipo.

Nimeoka mikate ya zafarani kumpelekea Baba, kumwomba radhi. Perran amenisimamisha mlangoni. "Hayo si malipo hayo?" Tumesimama na sinia, mimi na yeye, tukitazamana. Tumeila sisi. Mitano mimi.

Senara anauliza kama Meg anaruhusiwa kushukuriwa.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimemuuliza Baba kama mwezi ukianza kupungua tena atarudia. Alikuwa akiosha ndoo. Akasema kwa Senara mkono wake yeye Baba umekwisha kazi. Maneno yakikatwa hayarudi kwa mtu yule yule kutoka mkono ule ule. Unatakiwa mkono mwingine.

Wa nani?

Ndipo akaniambia. Maneno hayakai kwa wanaume tu wala kwa wanawake tu. Mwanamume humpa mwanamke, mwanamke humpa mwanamume, hivyo hivyo tangu huko. Bibi alimpa yeye. Yeye amezaa wavulana watatu. Amekuwa akisubiri. Na akishatoa, yeye hana tena, hata ndama wake mwenyewe hataweza kumtibu.

"Unayataka kwa ajili ya mtoto," akaniuliza, "au kwa ajili ya vile vitabu?"

Ningesema kwa ajili ya mtoto. Rahisi. Lakini mtu akikuuliza hivyo, na ndoo mkononi, huwezi kumwongopea. Nikasema nilianza kwa ajili ya mtoto. Sasa ni yote mawili. Nimefika ukurasa wa mia na hamsini, sijawahi kufika huko na kitabu chochote. Napenda kujua kitu. Napenda kuwa mtu mwenye kitu.

Akasema "Hm." Akachukua ndoo ya pili.

Sijui kama nimejikosesha. Kama nimemkosesha Senara.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimerudisha kitabu cha kwanza. Nimekimaliza! Bi Tangye ameniuliza nimeelewa nini. Nimemwambia habari ya blanketi na viraka, akaniambia kuna watu wenye shahada wamesoma wasione hilo. Sijui kama ni kweli au ni biashara, lakini nimetembea hadi kituoni nimenyoosha shingo.

La Baba sikumwambia, nimeuliza kwa mbali tu. Waliopewa maneno hasa, je, vitabu vinasema walifanyaje?

"Waliopewa hawaandiki, kipenzi. Wanaoandika ndio hawakupewa." Akapangusa vumbi. "Mimi mwenyewe nimeandika viwili."

Baba hajasema kitu. Leo siku ya pili ananisalimia kwa kofia tu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Senara amekataa kuvua glavu, hata wakati wa kula. Uji kwenye sufu. Nimemwacha.

Jumapili, 29 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma leo kama kila Oktoba, kwa hiyo nilidhani nimekosea nilipomwona Baba anavuka ua mapema vile. Ametoka kanisani moja kwa moja, na suti, na viatu vizuri, wala hakupitia kwa ndama. Mwezi ulijaa jana. Leo unaanza kupungua. Sikuthubutu kumkumbusha.

Amemtuma Perran amchukue Senara wakamtembeze Meg. Perran ametazama uso wake, hakufanya mzaha hata mmoja.

Ameketi. Nikamwuliza chai? Akasema baadaye. Akaniuliza kile kitabu cha pili nimefika wapi. Nikasema nimemaliza sura ya bibi yake, mwandishi ameendelea kurasa tatu nzima juu ya maana ya mafundo tisa. Amecheka kidogo, halafu hakucheka tena.

Akaniambia atayasema mara tatu. Nisiandike, hata baadaye, hata kwa siri. Mara ya tatu nitayarudia mimi, na yakishatoka mdomoni mwangu yeye hana tena. "Ukiyasahau, mwanangu, yamepotea kwetu sote."

Mimi. Ninayesoma kwa kidole. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia, Baba, shule yangu unaijua.

"Bibi hakujua kusoma kabisa," akasema. "Kidole unacho. Kichwa nacho unacho, umejibu vizuri Jumapili ile."

Nikaomba dakika moja. Amedhani naenda kunawa. Niko hapa mwisho wa meza na daftari hili, naandika haya kwa sababu baada ya haya siwezi kuandika, na yeye anatazama dirishani kwa makusudi, anaangalia ndama wake. Mkono wake uko juu ya meza, kiganja juu. Kuna neno moja tu nataka kumwambia mtu huyu na ndilo neno nisiloruhusiwa. Nimelimeza mara mbili. Linapanda tena.

Wanarudi, namsikia Senara kwa mbali anamfokea Meg aache kondoo. Dakika kumi labda.

Baba amevua kofia. Anasema, "Haya, binti. Weka hiyo kalamu." Naiwe—