Makande ya Karamu ya Mababu

Chome, Sabasaba 1971

Bado nanuka moshi, na hasira nazo hazijaniisha. Baada ya mchezo wa kuigiza karamu ya mababu, mwenyekiti wa kijiji aliwaita wasanii wote mbele, hata yule aliyeshika mkuki tu. Mimi niliyepika makande ya kale, bila mafuta wala kitunguu, mahindi nikiyalainisha kwa maji ya majivu, nikaambiwa, "Asante mama kwa huduma."

Huduma!

Lakini kinachoniuma zaidi ni cha asubuhi. Mama mkwe alikuja na kibakuli kwenye jiko la sherehe. Ni yeye aliyenifundisha kupika vile. Nikamwambia, "Mama, hiki ni cha maonyesho. Nikichota, chungu kitapungua." Akarudi nyumbani na kibakuli kitupu. Na kwetu mzee hanyimwi chakula kilichoiva! Nilijiona msanii, naye nikamwona mlaji.

Wageni wakala mpaka wakakomba chungu. Sikumkumbuka.

Jioni nimemkuta nyumbani, ameketi mekoni. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Majivu hayakuzidi, mwanangu? Nilitaka nikuonjee mapema, usije ukaaibika mbele ya watu."