Waya wa Kuinulia Shabaha

Jumatano. Mvua ya vuli imenyesha tangu asubuhi hapa Chake Chake, ikakatika kidogo baada ya adhuhuri. Nimerudi nyumbani na matope hadi magotini, na sina hamu ya kula.

Leo nimemaliza kazi ya uwanja wa shabaha. Ni shabaha sita za chuma kinene zenye umbo la mtu, kila moja na bawaba yake chini. Risasi ikiipiga, inalala chali. Mpigaji akishamaliza, anavuta mkono wa chuma palepale aliposimama, waya unapita kwenye makapi, vile vigurudumu vya kuvutia, na zote sita zinainuka pamoja. Hakuna tena haja ya mtu kwenda mbele.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonitesa.

Mtu aliyekuwa akienda mbele alikuwa Kombo. Uwanja ni wa watu wanaofundisha walinzi, na kazi yake ilikuwa kutembea hatua themanini, kuinua shabaha kwa mikono, kurudi, kungoja, kisha kwenda tena. Tukisali msikiti mmoja. Mkuu wa uwanja aliponiagiza mtambo huu, Kombo ndiye aliyenionesha vipimo. Nikasema wiki tatu.

Ikapita miezi mitatu, kazi bado. Nilipata kazi ya mageti na madirisha ya nyumba ya harusi huko Wete, nikaitanguliza. Vyuma vya uwanja vikabaki nyuma ya karakana, vikiota kutu. Kombo alipita mara mbili kuniuliza. Mara ya pili alikaa juu ya vyuma vile vile, akavua kiatu, akasugua kisigino, akacheka tu. Nikamwambia wiki ijayo, inshallah.

Nilitaja jina la Mungu na nia sikuwa nayo.

Wiki hiyo ijayo mlinzi mmoja mwanagenzi alidhani mbele kuko wazi, akafyatua risasi. Kombo alikuwa ameinama kwenye shabaha ya nne. Hakufika hospitali akiwa hai.

Tangu hapo ninamwona. Si ndotoni. Ni mchana, kazini. Nikiinua bati usawa wa macho kuangalia kama limenyooka, namwona upande wa pili, ameinama. Leo tulipofanya jaribio, risasi ilipiga ile ya nne, ikalala. Nikavuta mkono. Ikainuka polepole, mtu wa chuma asiye na uso. Mkuu wa uwanja akanisifu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

Nilipogeuka nikamwona Bi Time, mkewe Kombo. Ametoka eda juzi tu, na leo alikuja kuchukua koti na viatu vya marehemu vilivyobaki stoo. Alikuwa amesimama mlangoni. Ameona yote.

Tukaamkiana. Akauliza hali za wanangu, nami nikauliza za wanawe. Kisha akataka kujua kile chombo kinafanya nini. Nikaanza kumweleza, nikafika kwenye neno "mbele", likanikwama.

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miezi yote hii, hata siku ile nilipotia bega langu chini ya jeneza.

"Bi Time," nikamwambia, "kazi hii ilitakiwa iwe tayari Kombo yu hai. Mimi niliiweka nyuma."

Akalikunja lile koti, akalikunjua, akalikunja upya.

"Nalijua," akasema. "Alinambia fundi ana kazi nyingi, tusimsumbue."

Laiti angenitukana.

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alinieleza jambo jingine: mama yake Kombo, kule Mtambile, ameambiwa kuwa mwanawe alikwenda mbele bila ruhusa, kwamba alijiua kwa uzembe wake. Bibi wa watu ameliamini hilo. Kila akimwombea dua hulia kwa aibu, kama mama wa mtu aliyefanya kosa.

"Mie nshamwambia sana, hanisadiki," akasema Bi Time. "Wewe utasikilizwa. Kamwambie mwanawe alikuwa kazini, na chombo hiki kingekuwa tayari asingekuwapo pale kabisa."

Nikasema nitakwenda. Nikamfungia viatu kwa kamba, akaondoka navyo mkononi.

Mke wangu amenifunikia chakula. Nami nakaa hapa nikimwogopa bibi kizee ambaye najua atanikaribisha vizuri, atanitandikia mkeka, ataniuliza nimekuja kwa heri gani.

Kesho nikishasali alfajiri naondoka kwenda Mtambile. Nimeijaribu sentensi ya kwanza mara nyingi jioni hii. Kila mara inaanza na wingi wa kazi, au na watu wa Wete na harusi yao.

Inatakiwa ianze na mimi.