Cheche Inayowahi

Same, Jumamosi

...na hata sasa nikifumba macho naiona ile cheche, nyota ndogo inayowaka gizani ndani ya injini.

Tumelala kwa shangazi. Pikapu ya baba, gari letu la kwanza, huimba vizuri kwetu Bombo, mlimani, ambako fundi wa kijijini aliirekebisha. Tukishuka huku kwenye joto, inagonga: ko-ko-ko, kila baba akikanyaga mafuta.

"Injini imekufa hii," alisema leo. "Jumatatu namrudishia aliyeniuzia."

Shangazi akacheka. "Kaka, mbuzi akikohoa tu unamchimbia kaburi?"

Nilikuwa nimeshasoma kitabu cha magari cha maktaba ya shule. Mlimani hewa ni nyepesi, cheche inayowasha mafuta inaweza kuwahi kidogo bila madhara. Huku chini hewa ni nzito. Ikiwahi vilevile, injini hugonga. Niliizunguka pikapu mara tatu kabla ya kuthubutu kusema.

"Baba, cheche inawahi. Tuicheleweshe kidogo."

"Wewe umewahi kuendesha hata baiskeli?" Lakini akanipa spana.

Nililegeza distributa, inayogawa umeme kwenye plagi, nikaizungusha polepole kama ninayegeuza kichwa cha mtoto aliyelala. Baba akapanda kilima, mguu chini kabisa. Haikugonga hata mara moja. Ngurumo laini tu.

"Basi hairudi," alisema. "Kesho ukae mbele na mimi."

Sijamwambia kwamba tukifika Bombo pikapu itakuwa nzito kuvuta, na itabidi tuigeuze distributa tena. Nitamwambia njiani. Safari ni ndefu, nami nitakuwa mbele.