Toba ya Zaki Haijamfikia Kavumbi

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Mbarak,

Asalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wambaje huko Maskati? Na mguu je, umepata nafuu? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto limetuzidi, na mimi nina dukuduku moyoni.

Ni mdogo wetu Zaki. Wamkumbuka Kavumbi, yule mama wa Kigiriama ampindiaye leso dukani Biashara Street miaka yote hii? Mwezi uliopita furushi la leso lilikosekana. Zaki akamwita mwizi mbele ya wateja, akamfukuza. Hata wiki haikwisha, furushi likaonekana ghalani Shimanzi. Halikuwa limetoka huko kamwe!

Wenye maduka wengine wameshasikia uwongo ule, hawamtaki. Sasa auza viazi karai Feri.

Kila nikimwambia Zaki aende akamtake radhi, anijibu, "Dada, nimeshatubu. Nimeswali, nimetoa sadaka. Wataka nini tena?"

Kisomo changu wakijua kilivyo kidogo, kaka. Nikamwendea ustadhi wa chuoni. Akanambia toba ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Mja hurudi kwa Mola wake, lakini haki ya mtu haifutiki mpaka umrudie mwenyewe. Hapo nikamkumbuka bibi na lile neno letu la tangu na tangu, kuungama. Alivyokuwa akitushika kidevu: "Ungama kwa mdomo wako!" Kavumbi asema hata kanisani kwao husema hivyo hivyo.

Basi wajua Zaki alifanya nini? Kanipa doti mpya ya leso nimpelekee! Kavumbi hata hakuikunjua. "Matusi aliyaleta mwenyewe, radhi ndiyo ya kutumwa?" Kwa aibu niliyoona, nikamwomba msamaha mimi. Akacheka. "Dada Maisara, wewe hukuniita mwizi."

Kaka, wewe ndiye Zaki amchaye. Mpigie simu. Kavumbi hadai kurudishwa kazini. Ataka Zaki asimame mlangoni pa duka, wateja wamejaa, aseme, "Nilimsingizia." Ramadhani hiyo yaingia, nami sijui nitaketije kufuturu naye, ilhali Kavumbi hadi leo apita vichochoro vya nyuma asionwe na mtaa.

Nisalimie wifi Rahma na watoto. Shangazi Zuena akusalimu sana. Yeye ameshamnyima Zaki chai. Mola akuhifadhi na akuzidishie afya.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Maisara