Miadi ya Mwanangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza. Miaka hamsini na mbili, karani wa masjala ya kliniki, eti najifunza kuandika programu. Leo siku ya tisini tangu mwanangu aondoke — moyo ulisimama tu, akiwa kwake, hata kuugua hakuugua. Mfumo wa miadi ya wagonjwa aliutengeneza yeye. Tangu uhamishiwe seva mpya, yaani kompyuta kuu nyingine, unawapa watu tarehe ya siku moja nyuma. Matroni anasema usipopona hadi Jumatatu ijayo unafutwa, tunarudi kwenye daftari.

Haufutwi. Nimeshamzika mara moja, inatosha.

Jumanne, 4 Juni

Rafiki yake wa kazini, yule binti tunayemwita Miwani, amekuja kunifundisha. Mfumo umejengwa juu ya freimuweki — mifupa iliyokwisha kuungwa, kazi yako kutia nyama.

"Mama, ombi likifika kwenye seva, ruta ndiye mtu wa mapokezi: anauliza unakwenda chumba gani. Kontrola ni daktari, anaamua. Modeli ni masjala, yaani wewe. Kiolezo ni karatasi anayoondoka nayo mgonjwa."

Nikasema basi daktari bila mimi hajui kitu. Akacheka. Nikacheka pia, kisha nikaona haya kucheka.

Alhamisi, 6 Juni

Kichwa kinagonga. Makosa mekundu skrini nzima. Miwani anasema nisikariri, nifuate ombi linapopita. Nimelifuata kwa kidole.

Vitu vyote amevipa majina ya Kiswahili: mgonjwa, miadi, chumba. Niliwahi kumwambia kompyuta haitamwelewa. Akasema, "Itanizoea."

Jumamosi, 8 Juni

Nimelipata! Seva mpya inafuata saa za nchi nyingine, huku ikishaingia siku mpya kwao bado ni jana, na kontrola ilikuwa inaiamini. Mistari miwili tu. Nikanyanyua simu nimpigie mwanangu. Namba yake bado ya kwanza kwenye orodha.

Jumatatu, 10 Juni

Matroni amejaribu mwenyewe, tarehe zimekaa sawa. Mfumo unabaki. Amenishika bega, akaenda zake wodini.

Miwani akanionyesha jambo la mwisho. Mtu akighairi miadi, modeli haiifuti. Inaificha tu, kiolezo kisiionyeshe. Nikamwambia afungue zilizofichwa, nione.

Jina la mwanangu. Mara tatu. Januari, Februari, tarehe moja Machi — siku nne kabla hajaondoka. Chumba cha daktari wa moyo. Zote ameghairi mwenyewe, na kwenye sababu ameandika:

Mama yuko zamu.

Mama yuko zamu.

Mama yuko zamu, ataniona.

Dirisha langu ndilo wanalopita wagonjwa wote. Hakuna njia nyingine.

Nimemuuliza Miwani kama alijua. Ameanza, "Mama, aliniambia kwamba—" Nikamwomba anyamaze kwanza. Nimeshika kalamu hii ili mikono ipate la kufanya. Amekaa mbele yangu, anangoja nimwambie aendelee.