Kakule Hashuki Mavivi Kama Padri

Mdogo wangu Masika,

Natumaini barua hii inakukuta presha imetulia, na wageni wenu waliokimbia vita kutoka Kirumba wamepata mahali pengine pa kulala kuliko sebuleni kwako. Mimi sitakuficha: moyo umechoka, daktari amesema waziwazi, na kutoka kitandani hadi dirishani imekuwa safari. Lakini si ugonjwa unaoniudhi. Unaoniudhi ni ule ujumbe wa sauti ulionitumia juzi.

Nimeusikiliza. Wamama wa kwaya wanaimba, ngoma zinalia, na wewe unapaza sauti juu ya wote kwamba padri wetu anashuka uwanja wa ndege wa Mavivi, na misa yake ya kwanza itakuwa Jumapili inayofuata. Muuguzi wangu, ambaye hajui neno moja la Kiswahili, akaanza kucheza huku anabadilisha shuka. Masika, mwanao Kakule si padri. Si shemasi. Ni mchezaji wa besiboli, kazi iliyompa mshahara hapa Amerika tangu ujana wake, na sasa imekwisha. Naandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti ungeusikiliza mbele ya wamama wote. Sista anayerudi Butembo atakukabidhi. Uisome peke yako.

Utaniuliza: na ile picha? Ile picha nilituma mimi, na hapo ninatubu. Umeitundika ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu: Kakule amesimama juu ya kilima kidogo, amevaa nyeupe. Mbele yake mtu amejikunja chini kama anayepiga magoti, nyuma ya huyo amesimama mtu mzima aliyevaa nyeusi, na pande zote watu maelfu wamesimama, wengine wamekutanisha viganja mbele ya midomo. Ukanipigia simu kuuliza kama ule ni upadirisho, na kama yule wa nyeusi ni askofu. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Mdogo wangu, yule aliyejikunja kazi yake ni kuudaka mpira anaoutupa Kakule. Yule wa nyeusi ni refa. Na wale watu hawakuwa wanasali, waliogopa kushindwa. Niliituma bila kuandika neno, nikijua vizuri utakavyoisoma.

Jambo la pili silitubu. Nimekaa katika kiti cha maungamo maisha yangu yote, ninajua mtu anayejuta na mtu anayetoa habari tu. Hapa natoa habari.

Ulimtuma kwangu huku Amerika aingie seminari. Alikuja na ule mkono wa shamba lenu la kakao la Mabalako, alikokuwa anafukuza nyani kwa mawe. Mwalimu wa michezo akamwona akitupa mpira, akaja parokiani kwangu anahema kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Gombera, mkuu wa seminari, akaniuliza: huyu abaki au aende? Nikamuuliza Kakule mwenyewe. Akainamisha kichwa, akasema: "Mujomba, ile utasema, njo nitafanya." Angebaki, Masika. Kwa utii tu angebaki. Mimi ndiye niliyesema aende.

Kwa nini? Kumbuka siku yangu mimi ya upadirisho pale Butembo. Ulikuwa mtoto, ulibeba kikapu cha maua. Mama, aliyekuwa akinichapa kwa mwiko nikichelewa na mbuzi, alipiga magoti mbele yangu apokee baraka ya kwanza. Nikambariki. Tangu siku ile hakunikemea tena. Nilipokuja nyumbani alinitandikia kiti kitambaa, nikala peke yangu mezani, yeye akala jikoni. Aliniita Mon Père, kama anavyoitwa padri yeyote, mpaka akafa, na wewe unaniita hivyo hivyo. Upadri wangu naupenda, Mungu ni shahidi. Lakini nilimwangalia yule mtoto nikaona wewe umepiga magoti mbele yake, na sikuweza.

Usidhani nilimpeleka kwenye raha. Mchezo wenyewe unachosha hata kuutazama: hauna saa, watu wazima wanatema mate, na mtu akitupa vibaya mara chache wanamwondoa. Miaka mingi alikuwa katika timu za miji midogo, analala ndani ya basi. Alipopandishwa ligi kuu, kiwiko kikakatika ndani. Madaktari wakatoa kano sehemu nyingine ya mkono, wakaishona pale. Akarudi, lakini mpira haukuwa tena na kasi. Mwaka huu meneja alimwita ofisini, na alipotoka kahawa yake ilikuwa bado moto. Kila alipohamishwa alinipigia kuuliza kama nimekuambia. Kila mara nilisema bado.

Jana nilimweleza habari za kwaya. Alicheka. Akasema: "Mujomba, kama mama anataka padri, atafute mungine. Miye niko mutoto wake tu. Nikiona ile kwaya pale Mavivi, narudi na ndege ile ile."

Na atafanya. Ana kichwa kigumu kama chako.

Kwa hiyo nenda kwa wamama leo, uwaambie. Watacheka wiki moja, watasengenya mwezi mmoja, basi. Vitenge mlivyoshona msivitupe. Mtavivaa kwenye misa ya kuniombea, haiko mbali. Kisha nendeni Mavivi wewe na shemeji peke yenu, na mwondoke mapema, hatari za barabara ya Beni mnazijua wenyewe. Akishuka, usipige magoti. Mkemee. Amekonda, hana mke, Kinande anakiongea kama mgeni; sababu hazitakosekana.

Msalimie shemeji, mume wako mvumilivu. Msalimie binti yako mkubwa wa duka la dawa, na shangazi yetu kama bado ananitambua. Katekista mzee mwambie aniombee bila kuuliza maswali.

Mimi nangoja jibu lako kabla ya jambo lingine lolote kunifikia. Kasirika unavyotaka. Lakini usianze na Mon Père. Anza na jina nililopewa nyumbani.

Kaka yako,

Paluku